Picha ya Ishirini na Tatu

Wezi wa Gikondo, mtaa wetu wa Kigali, mwaka ule walibeba kila kitu. Kwangu walichukua mabati, milango, sufuria kubwa za harusi, hata bomba la maji walilifukua. Niliporudi mwezi wa nane, mwaka tisini na nne, nilikuta kuta nne na gunia la chenga za makaa jikoni, maana nani ataiba chenga. Nikaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, nikagusa mfuko wa nailoni. Kamera ya Théoneste ilikuwepo.

Théoneste ndiye aliyekuwa mpiga picha wetu. Hakuwa na studio, studio yake ilikuwa miguu. Ubatizo, harusi, mtu kanunua redio mpya, anaitwa Théoneste. Jumatano ile ya mwanzo wa Aprili alikuja kunywa kwangu, mvua ikatanda, akaniachia kamera isilowe, akasema ataipitia asubuhi. Asubuhi ile hakuna aliyepita popote. Mimi niliizika kwenye makaa, nikakimbia na mwanangu Sangwa. Théoneste hakukimbia mbali.

Jina langu ni Mukashema, lakini huko ukiuliza, uliza Mama Sangwa. Kabla ya vita nyumba yangu ilikuwa haikauki watu. Mafundi wa gereji walikuja kula brosheti, ile mishkaki yetu, wake zao walikuja kuwatafuta, na wote wakakaa. Habari yoyote ya Gikondo ilipita kwangu kabla ya kumfikia mwenyewe. Kwa hiyo niliporudi na kukuta kimya, nilifanya ninalolijua. Nilitandaza turubai la msaada juu ya kuta, nikaazima sufuria, nikaanza kuita watu. Anayepita namuita. Asiye na pa kulala alale.

Illuminée alikuja hivyo. Alikuwa mshonaji wa mtaa wa juu, tunafahamiana miaka. Zamani hakuna aliyemwita Illuminée, alikuwa Mama Gahongayire, na Gahongayire mwenyewe alikuwa binti wa miaka sita, mwembamba, mwenye miguu isiyojua kutembea ila kukimbia. Sasa mtoto hayupo, na watu walipokutana na mama yake ulimi uliwashinda. Wengine walimwita dada, wengine walimsalimia bila jina lolote. Na mimi nilikuwa katika hao.

Siku niliyomwonyesha kamera aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akasoma kile kidirisha kidogo kinachohesabu picha. Kiliandika ishirini na tatu.

"Ya mwisho ilikuwa yenu," akaniambia. "Siku ya Pasaka, wewe na mzee wako Nduwayo na jamaa zako wote. Kabla yenu alipigwa Gahongayire. Basi Gahongayire ni ya ishirini na mbili. Yumo humu."

Nyumba yake ilikuwa imeungua pamoja na albamu. Hakuwa na picha nyingine ya mtoto, hata ya kadi ya kliniki. Nikamwambia twende haraka basi, Remera kuna kijana amefungua studio, anaitwa Rodney, amekulia Kampala, anapeleka filamu kusafishwa kule kwa basi na zinarudi. Kesho tu twende.

Illuminée akasema hapana. Filamu ni ya picha thelathini na sita, haijajaa. Théoneste hakuwahi kufungua kamera kabla filamu haijaisha, alisema ni kumwaga chakula.

Hapo nikamtazama. Mtoto yumo ndani ya kisanduku, na mama anazungumzia kumwaga chakula. Siku iliyofuata nilikwenda Remera peke yangu, nikamuuliza Rodney. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Uganda kwamba mama, filamu hata ikiwa nusu inasafishika, leteni tu. Nikarudi na jibu hilo. Illuminée akasema amesikia, na akaanza kuijaza.

Picha kumi na tatu. Mtu mwingine angezimaliza kwa siku moja. Yeye alipiga moja, akakaa siku nne, akapiga nyingine. Alikwenda mtaa wa juu akapiga msumari uliobaki kwenye ukuta wake, pale ulipokuwa unaning'inia mfuko wa shule. Alipiga mlango wa kanisa, jozi ya viatu vyangu, wanawake wakisukana. Na kila akipiga, jioni yake alikuwa anatoa maneno mawili matatu kuhusu alichokipiga. Kuhusu msumari alisema Gahongayire alikuwa haufikii, ilibidi asimame juu ya ndoo. Siku hizo walikuwa wanapita wageni wenye madaftari, wakiuliza watu wanalalaje, wanaota nini. Illuminée aliwajibu kwamba analala vizuri, asante. Mimi ninayelala naye chumba kimoja nilikuwa najua analalaje. Lakini ukimpa kamera, jioni anasema, na mimi nikaacha kumharakisha.

Tatizo lilikuwa moja: hakujua kupiga. Sisi watu wa Kigali tukipigwa picha tunajipanga, mikono chini, kidevu juu, hatupumui mpaka mwenye kamera aseme basi. Illuminée hakumpa mtu nafasi ya kujipanga. Unatafuna, anakupiga. Niyongabo, yule fundi wa magari mwenye tumbo, alipigwa akiwa na nyama mdomoni na mkono hewani, akalalamika wiki nzima.

"Mwambie mtu atulie kwanza, dada," alimwambia. "Hivi nitatoka kama fisi."

Watu wakacheka, wakasema atatoka alivyo. Illuminée aliifunga kamera kwenye kitenge, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nikadhani ni utani wa fisi umemuudhi, nikamsema Niyongabo mbele ya watu, masikini ya Mungu, na hakuwa na kosa.

Mwezi wa kumi na moja ikabaki picha moja. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua imepita. Illuminée akanipa kamera, akasema hii ya mwisho nipige mimi. Akasimama kando ya tangi la maji la saruji, ambalo wezi walishindwa kulibeba, palepale ambapo Théoneste alikuwa anapenda kutupanga. Nikaweka jicho, nikatafuta uso wake, na mdomo wangu wenyewe ukasema, "Tulia hapo."

Akakaa chini. Pale pale kwenye tope, na gauni la Jumapili.

Nikaenda nikakaa naye, kamera mapajani.

"Siku ile ya Pasaka alikuwa anarukaruka," akasema. "Gauni jeupe nimeshona wiki mbili, na yeye anaruka. Théoneste akaniambia filamu ni chache, mtoto mmoja picha moja, akitikisika imepotea. Nikampiga kofi, Mama Sangwa. La nguvu. Nikamwambia tulia. Akatulia. Sijawahi kumwona ametulia vile."

Kesho yake Jumatatu, bibi wa mtoto, mzee Nyirahabimana, alimchukua kwenda naye Busanza akapumzike wiki. Illuminée alikuwa bado amenuna kwa ajili ya gauni. Hakumbuki kama mtoto aliaga naye hakuitika, au hakuaga kabisa. Jumatano usiku ndege ya rais ikaanguka. Kutoka Busanza hakurudi bibi wala mjukuu.

"Picha iliyomo humu ni ile ya kofi," akasema. "Ndiyo pekee niliyonayo. Sasa unaona kwa nini sikutaka ijae."

Nikakumbuka zile picha kumi na mbili, nyama ya Niyongabo, wasusi, wote aliotupiga bila kutuambia kitu. Kisha akasema piga tu. Nikarudi nyuma hatua chache, nikapiga hivyo hivyo alivyokaa, bila kusema lolote.

Filamu ilikwenda Kampala ikakaa siku kumi na moja. Tulipokwenda kuichukua Remera tulikwenda wawili tu, ingawa nusu ya nyumba ilitaka kuja. Rodney alituwekea bahasha mezani, akauliza kwa upole nani alipiga zile za mwisho, kwa sababu zote zimetikisika.

Illuminée alianza nazo hizo. Niyongabo mkono wake umekuwa kama mabawa. Wasusi wana vidole ishirini ishirini. Alitabasamu kidogo kwa Niyongabo, na nikafurahi, nikajua nitakwenda kumwambia. Kisha, akiziacha za watu wengine, akafika ya ishirini na mbili.

Ilikuwa safi kuliko zote. Kila kifungo cha gauni kilihesabika. Gahongayire amesimama wima kando ya tangi, mikono imebana mapajani, na macho yamejaa. Shavu moja lilikuwa na weusi zaidi kuliko lingine, labda ni kivuli. Mama yake hakuigusa. Aliitazama ikiwa mezani, mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtu aliyekatazwa kushika vitu dukani. Mwisho aliichukua kwa pembe, akaiweka ndani ya Biblia yake, akaifunga.

Iliyofuata ilikuwa yetu, ya ishirini na tatu, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba nina changu humo. Tulikuwa tisa. Mume wangu Nduwayo amevaa koti lake la kahawia na mkono wake uko begani kwangu, uzito wake nikausikia. Katika tisa wale tumebaki wawili, mimi na Sangwa. Nililia pale dukani bila haya, kwa ajili yangu mwenyewe, na Rodney akaleta kiti.

Illuminée ndiye aliyeichukua picha mkononi mwangu, nadhani ili isilowe. Akaitazama kwa heshima, kama unavyotazama picha ya mwenzio. Halafu akaisogeza mlangoni kwenye mwanga.

Nyuma yetu, pembeni kabisa, karibu na ukingo, kuna kitu cheupe. Gauni. Mtoto anakimbia kuelekea uani, soksi moja imeshuka, chupa ya Fanta imeinuliwa juu, mdomo wazi. Ametikisika mpaka uso haukamatiki.

"Anacheka huyu," Rodney akasema.

Illuminée hakumtazama Rodney, alinitazama mimi. "Wewe ulikuwepo. Ilikuwa dakika ngapi baada ya kofi? Mbili? Tatu? Alikuwa anacheka au analia?"

Ningeweza kusema. Nimewahi kutunga habari kubwa kuliko hiyo na watu wakaibeba mpaka sokoni. Ningesema alicheka, alinijia akaniomba Fanta, nikampa mwenyewe, na labda ni kweli nilimpa. Nikaitazama picha. Watu tisa tumejipanga, videvu juu, tumeshika pumzi. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

"Sijui, Mama Gahongayire," nikasema. "Sote tulikuwa tunaangalia kamera."

Jina lilinitoka lenyewe, mara ya kwanza tangu Aprili. Nikaogopa. Yeye akaitika tu, "Ndiyo," kama mtu aliyeitwa.

Kisha akamuuliza Rodney kama anaweza kukuzwa, huyo peke yake, hiyo pembe tu. Rodney akamweleza kwamba inawezekana, lakini akikuzwa kiasi hicho hatabaki mtoto, zitabaki nukta. Illuminée akamwambia akuze.

Ile ya kwenye Biblia sijaiona tena. Ya nukta ilirudi kutoka Kampala kabla ya Krismasi, kubwa kama sinia, nikaigongea msumari sebuleni kwangu mwenyewe, kwa kuwa ndiko Illuminée anakoishi. Watu wameanza kujaa tena, na kila mgeni akikaa anauliza kile ni kitu gani, ni moshi, ni mawingu? Niyongabo alisema ni kuku. Illuminée akiwa anashona huwa hainui kichwa, ananiachia mimi. Namwambia mgeni ainuke, arudi nyuma kidogo, mpaka pale mlangoni, halafu aangalie tena.