Nyonga Kabla ya Kifua

Shangazi alikuwa ameshatandaza kitambaa mezani, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta. Kitambaa chenyewe hakina pacha: marehemu mama wa bibi harusi alikinunua akiwa hai, akakifungia kabatini kwa ajili ya gauni la harusi ya bintiye. Harusi ni kesho. Bibi harusi yuko kwenye ndege, simu kaizima. Dada yake mkubwa amekaa kwenye benchi letu, mkoba mapajani, macho hayabanduki kwenye mkasi.

"Injinia wa duka," shangazi akaniita, "nipe vipimo."

Asubuhi hiyo, kwa kukosa la kufanya, nilikuwa nimeipanga upya programu ya vipimo niliyomtengenezea. Ndani ya programu kila mteja ni kitu kizima, chenye kifua, kiuno na nyonga zake. Ila kitu kizima hakiingii kwenye faili. Lazima ukifungue kiwe mstari wa namba, kama kitanda kinachopitishwa mlangoni vipandevipande, halafu ukikihitaji unakiunga tena. Mimi na uvivu wangu nilihifadhi namba tupu, bila kuandika ipi ni ya nini.

Nikabonyeza. Faili likafunguka bila kulalamika hata kidogo. Nikamsomea shangazi.

Akachora kwa chaki, akasita. "Huyu binti juu kajaa hivi? Mimi namkumbuka neema yote ilikuwa chini."

"Labda kabadilika huko aliko," dada mtu akasema, akiukumbatia mkoba.

"Mashine inasemaje, we mtoto?"

"Inasema hivyohivyo, shangazi."

Mwaka mzima nimemtania kwamba kichwa chake kimejaa vumbi, aiachie kompyuta. Leo ndiyo kaamua kunisikiliza! Akashika mkasi, akaanza kukata kipande cha kifua. Ule mlio niliusikia hadi kwenye magego.

Nikatafuta mteja ninayeweza kumpima palepale, nikajikuta: wakati wa majaribio nilijisajili mwenyewe kwa jina la Mtanashati. Nikamfungua huyo Mtanashati. Programu ikadai nina kifua chembamba na nyonga pana. Nikanyakua futi ya kupimia ukutani, nikajizungushia kifuani, kisha kiunoni, kisha chini.

"Unacheza ngoma gani hapo?" shangazi akauliza bila kuinua kichwa.

Kiuno kilikuwa sawa. Kifua na nyonga vilikuwa vimebadilishana.

Ndipo nikakumbuka anavyopima. Shangazi huanzia nyonga akipanda juu, kwa sababu, anavyodai, futi ikianzia kifuani mteja anapata muda wa kubana tumbo. Kwa hiyo namba ziliingia kwenye faili nyonga kwanza, kifua mwisho. Na mimi asubuhi nikaona mpangilio umepinduka, nikauweka "vizuri": kifua, kiuno, nyonga. Namba za zamani zikabaki zilivyokuwa. Kiuno, kwa kuwa kiko katikati, hakikusogea hata kidogo, na ndiyo maana sikuishtukia kasoro.

Mkasi ulikuwa umeshahamia kwenye sehemu ya sketi ya gauni.

"Shangazi, usikate!"

Mkasi ukasimama wazi, kitambaa katikati ya meno yake. Dada mtu akainuka, mkoba ukadondoka, wala hakuuokota.

"Ni mimi," nikasema. "Nimezigeuza. Ya kifua ni ya nyonga, ya nyonga ni ya kifua. Ulivyomkumbuka ndivyo alivyo."

Shangazi aliutoa mkasi polepole, akakishika kile kipande cha kifua, akakipima, akakipima tena. Dada mtu alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Hiki kipana," shangazi akasema mwishowe. "Kipana nitakipunguza. Sketi ningeikata nyembamba, ningeiongeza na nini? Na ngozi yako?"

Dada mtu akakaa chini kwa kishindo, akajifunika uso kwa viganja.

Nilirudi kwenye kompyuta, nikarudisha mpangilio wa shangazi, nikamfungua Mtanashati, nikajipima tena mbele yao wote wawili. Namba zikalingana. Kisha nikaanza kuihifadhi upya kila namba pamoja na jina lake.

"Hayo utayafanya baadaye," shangazi akasema. "Njoo ushike kitambaa. Na unisomee tena, kuanzia nyonga."

Nikashika upande wangu. Nikaanza kusoma, nyonga kwanza.