Kikohozi cha Kiptanui

Walipomburuta Kiptanui kutoka kwenye pango, alikuwa akikohoa kikohozi kisichokuwa chake. Alikiiga sawasawa: miguno miwili mikavu, kisha mkoromo mrefu wa makohozi yanayokataa kutoka. Alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho tangu aoe. Ndani, nyuma ya jiwe, kati ya majirani waliojificha nao, mwenye kikohozi, mkewe Jepkoech, alikuwa ameuma blanketi, na juu ya blanketi mkono wa binti yao Linah ulimkandamiza mpaka jino likapasua mdomo. Mara moja tu kilikuwa kimemponyoka. Nyayo zilizokuwa zikipita nje zikasimama, na Kiptanui hakungoja zigeuke; alitambaa hadi mlangoni akikohoa.

"Kumbe ni wewe?" mmoja wa wale wenye bunduki, waliokuwa wakiwafukuza watu mashambani mwao, aliuliza.

"Ni mimi. Niko peke yangu."

Kitako cha bunduki kilimvunja taya. Alipoanguka, alikohoa tena, wasije wakapata hamu ya kuingia kuhakikisha. Wakamshukia mbavuni kwa rungu na viatu, na kila pigo alilijibu kwa kikohozi, hadi kikohozi kikawa damu, na damu nayo ikanyamaza. Jua lilikuwa limechomoza juu ya Kapsokwony, kule mlimani. Kabla ya kuondoka, mmoja wao alimvua viatu, akavijaribu, vikamtosha.

Mwezi uliofuata, mwaka huo wa 2007, Jepkoech aliketi mjini Kitale mbele ya Daktari Wakhungu, bingwa wa mapafu. Dada yake Jeruto, aliyeolewa Bungoma, ndiye aliyemlazimisha kuja.

Daktari aliinua picha ya kifua dirishani. "Pafu ya kulia iko sawa. Hii ya kushoto, huku chini, ile TB ya zamani iliiharibu. Usaha inakaa hapo. Kuna njia mbili, mama. Tunaweza kukata hiyo sehemu, huko Eldoret. Ni operesheni kubwa, siwezi kukudanganya. Lakini ikienda vizuri utapumua, na utakaa huku chini miezi kadhaa tukuangalie. Ama uachane na kisu, ukunywe dawa, na kila siku ulale kichwa chini, mtu akupigepige mgongo, ukohoe yote itoke."

"Gani haina sauti?"

"Sauti?"

"Mimi nataka dawa ya kunyamazisha. Kuna ile ya maji, jirani alipewa, akanyamaza kabisa. Nipe hiyo."

"Hiyo hapana. Nikizuia kikohozi, usaha itajaa. Itakuua polepole."

"Polepole ni sawa."

Jeruto aliruka kitini. "Si ukae kwangu Bungoma! Ati shamba! Shamba ni nini, dada?"

"Tukishuka leo, kesho kuna mtu analima hapo. Na Kiptanui tumemzika hapo."

Hakuwaambia yaliyobaki. Majirani walikuwa wamemwambia waziwazi asiingie tena pangoni pamoja nao. Sasa yeye na Linah walijificha peke yao migombani, na mtoto alikuwa amezoea kumziba mama yake hata kabla kikohozi hakijapanda. Jepkoech alikichukia kifua chake. Kuna siku alikuwa akimenya viazi, akajikuta ameelekeza kisu ubavuni mwake, pale kinapokoroma, akitaka kukichokoa kama kibuyu kilichooza ndani. Jepkoech alimchukia Kiptanui pia, kwa kuwa alikuwa amemwachia uhai usiofichika.

Daktari alimtazama mdomo. "Nani alikuumiza hapo?"

"Msichana wangu. Alikuwa ananisaidia."

Wakhungu aliiweka picha mezani. "Panda kitandani," akasema. "Hebu nikuonyeshe hiyo ya pili."

Alimlaza kifudifudi, kichwa kikaning'inia. Kwa kiganja alichokikunja kama kata, akaanza kumpiga mgongoni. Jepkoech alihesabu mapigo bila kutaka, akaona rungu, akaona zile mbavu, na mkono wake wenyewe ukaja ukaziba kinywa. Daktari aliutoa. Ukarudi. Akautoa tena na kuushika.

"Kohoa, mama. Hapa hakuna mtu wa kukutafuta."

Kikapanda. Miguno miwili mikavu, kisha mkoromo mrefu, kwa nguvu zote za mwili wake, mpaka watu wa nje ukumbini wakaacha kuzungumza. Tangu asubuhi ile hakuwa amekohoa kwa sauti. Kilikuwa kile kile. Kiptanui hakukosea hata mguno mmoja. Alilia akiwa kichwa chini, machozi yakimtiririkia kwenye paji la uso, huku akitema ndani ya karai uchafu wa kijani wenye nyuzi za damu.

Alipoinuka, alijifuta kwa kiganja. "Nikate," akasema.

"Na shamba?" Jeruto aliuliza taratibu.

"Wacha walime." Akamgeukia daktari. "Lakini kwanza nipande nimtoe Linah. Nipe ile ya maji. Ya usiku moja tu."

Wakhungu alifungua kabati, akamimina kiasi kidogo ndani ya kichupa.

"Usikunywe kabla ya kufika."

"Sitakunywa."

Akakifunga kichupa kwenye pindo la leso yake. Nje, barabarani, alitembea akikohoa, mikono imening'inia, kinywa wazi, na watu wakageuka kumtazama. Jeruto aliona haya, akatoa kitambaa, akamnyoshea ajizibe. Hakukipokea.