Watoto Wawili wa Keziah Tuckwell

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili ya kwanza ya Novemba, kanisa la Wexcombe liliwaombolezea watoto wawili ambao hakuna aliyejua walizikwa wapi. Reuben Tuckwell na Lettice Tuckwell. Kasisi aliyasoma majina yao pamoja na ya marehemu wengine wa mji, na Avis Yeandle aliinuka kwenye benchi la tatu, akaenda mbele, akawawashia mishumaa miwili. Alirudi macho yamemwiva, na Clement, mumewe, akampa leso ambayo ilikuwa tayari mfukoni.

Mwaka huu leso ilikuwa ya Clement mwenyewe. Avis alifariki mwezi Mei.

Alimwachia nyumba yenye ngazi zinazolia, paka asiyempenda, na makasha manane ya karatasi za ukoo wake, ukoo wa Tuckwell. Alimwachia na ahadi. Siku moja kabla hajaacha kuongea alimshika kidole gumba, maana mkono mzima ulimshinda, akasema, "Watafute wale watoto, mzee. Nataka ijulikane wamelala wapi. Na usimwache Muriel awafute."

Muriel Spurling alikuwa katibu wa chama cha historia cha mji, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanamke asiyewahi kuolewa na asiyewahi kukosea tarehe. Ndiye aliyeandaa orodha ya majina ya kusomwa kanisani. Yeye na Avis waligombana miaka thelathini kwa adabu ya kutisha. Avis akiandika kwenye jarida la chama kwamba mtu fulani alizaliwa mwaka 1871, wiki inayofuata Muriel angefika mlangoni na karatasi inayosema 1872. Kila Krismasi walipelekeana keki, na kila mmoja alisema keki ya mwenzake ni kavu.

Katikati ya Oktoba Muriel alimsimamisha Clement nje ya duka la nyama. Alimwambia kwamba kasisi mpya anataka orodha iwe na utaratibu, kwamba kila jina sasa liandikwe na mahali mtu alipozikwa, na kwamba orodha itafungwa Alhamisi ya wiki ya mwisho.

"Mimi sina ubaya na marehemu, Bwana Clement," alisema. "Lakini wale watoto hawana kaburi."

"Watu wote wana kaburi, Bi Muriel."

"Basi nionyeshe."

Clement alirudi nyumbani na soseji zake na mzigo mwingine moyoni. Alikuwa fundi bomba miaka arobaini. Alijua kutafuta maji yanayovuja nyuma ya ukuta, lakini hakuwahi kutafuta mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya Avis. Yeye alikuwa dereva na mchukuzi wa chupa ya chai.

Alifungua kasha la kwanza. Mambo yote yalikuwa pale, kwa mwandiko wa Avis uliolala upande kama nyasi zenye upepo. Keziah Tuckwell, mama wa babu yake Avis, aliolewa mwaka 1902. Mwanawe wa kwanza, Ambrose, alibatizwa Aprili 1903. Reuben alibatizwa Januari 1904. Lettice, Novemba mwaka uleule. Baada ya hapo, Ambrose peke yake ndiye aliyekua, akaoa, akawa babu yake Avis. Wale wawili walipotea. Hawakuwamo kwenye rejesta ya maziko ya kanisa, wala ya kanisa dogo la Wamethodisti, wala ya makaburi ya mji. Katika sensa ya mwaka 1911, serikali ilipowauliza wanawake wamezaa wangapi na wamefiwa na wangapi, Keziah alijibu kwamba amezaa mmoja na hajafiwa na yeyote.

Avis alipolisoma jibu hilo alilia wiki nzima. Alisema yapo maumivu ambayo mwanamke hawezi kuyaandikia serikali. Muriel alipolisoma alisema huenda mama wa watu alikuwa anajibu swali tu. Hawakusemeshana Kwaresima yote.

Pembeni ya karatasi moja Avis alikuwa ameandika habari za babu Ambrose mwenyewe, ambaye Clement alimkuta bado hai. Mzee mwenye masikio makubwa, mcheshi. Kila mtoto wa ukoo alipobatizwa, Ambrose hakuingia ndani. Alisimama barazani mwa kanisa na mwavuli umefunguliwa, mvua iwepo isiwepo, akasema, "Mimi nimeshapata maji yangu na ya watu wengine." Wote walicheka, hakuna aliyeuliza.

Jumanne ya wiki hiyo ya mwisho Clement alikwenda maktaba. Gazeti la mji la zamani hizo limepigwa picha, liko kwenye mikanda inayotazamwa kwa mashine yenye mkono wa kuzungusha. Mama wa maktaba alimwonyesha jinsi ya kuipachika, akamuuliza kama anataka safu ya vifo, maana Bi Avis, Mungu amrehemu, siku zote aliendea safu ya vifo. Clement alisema hajui anataka nini. Angeanza tu wiki ile Lettice alipobatizwa na kusoma mbele.

Akasoma kila kitu. Avis alitafuta wafu, na wafu walikuwa na ukurasa wao, kwa hiyo ukurasa huo aliusoma mpaka macho yakauma. Clement hakujua njia za mkato. Alisoma bei ya farasi, dawa ya kuotesha nywele, boga lililoshinda maonyesho na boga lililoshukiwa kudungwa sindano ya maji. Kilichompendeza zaidi ni habari za mahakamani. Hata kwa gazeti la siku hizi alianzia hapo, na Avis alimsema kila asubuhi kwamba hawezi kunywa chai bila mwizi wa baiskeli.

Jumatano saa tisa alasiri akafika Oktoba 1905. Mkono wake ukaacha kuzungusha mashine.

"Keziah Tuckwell, wa Uchochoro wa Kiwanda cha Ngozi," lilisema gazeti, "alishtakiwa kwa kujipatia mablanketi na makaa ya mawe kwa udanganyifu."

Kisa kilikuwa hivi. Bibi mmoja tajiri wa Wexcombe alipokufa aliacha wasia kwamba kila mtoto wa maskini akibatizwa kanisani, mama yake apewe blanketi moja na gunia la makaa. Kasisi wa wakati huo alikuwa mzee wa miaka themanini na miwili, macho yameisha, na aliona haya kuvaa miwani mbele ya watu. Ungemletea kabichi iliyofungwa shali angeibatiza. Keziah alimpelekea mwanawe Ambrose mwezi wa nne, kama mama yeyote. Kulipokuwa na baridi kali Januari alimpeleka tena, akasema anaitwa Reuben. Novemba alimpeleka kwa mara ya tatu, kwa gauni refu na kofia ya kufunga kwa utepe, akasema ni binti na anaitwa Lettice.

Clement alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Septemba 1905 alimpeleka mara ya nne, awe Silas. Lakini Ambrose sasa alikuwa na miaka miwili na nusu na alikuwa mzito. Kasisi aliguna alipompokea. Na alipochota maji, yule mtoto mchanga alisema kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia, "Baridi. Mama, tena?"

Gazeti likaweka kwenye mabano: kicheko.

Mabano hayo yalikuwa saba katika habari ile. Hakimu alimuuliza Keziah kama haoni aibu. Alijibu kwamba wasia unasema blanketi kwa kila ubatizo, haukutaja kila mtoto. Kicheko. Hakimu akaamuru makaa yarudishwe. Alijibu kwamba yamekwisha kurudi kwa Mungu kupitia bomba la moshi. Kicheko. Na mablanketi je? Moja analo nyumbani, alisema, na jingine mheshimiwa analitazama, kwa sababu mtoto alikuwa amesimama pale mbele amevaa koti lililoshonwa kutokana nalo. Hakimu alimwonya asirudie, akamwachia.

Clement alicheka. Hakutarajia. Kicheko kilianzia tumboni kama maji yanayosukuma hewa kwenye bomba, kikakoroma, kikatoka. Hakuwa amecheka tangu Mei, na mama wa maktaba alikuja mbio akidhani mzee ameshikwa na kifua.

Ndipo alipokumbuka kesho ni Alhamisi, na kicheko kikakatika. Alikuwa ameahidi kuwatafuta, na amewapata. Alikuwa ameahidi pia kwamba Muriel hatawafuta, na sasa mkononi ana nakala ya ukurasa ule, aliyochapiwa na mama wa maktaba, karatasi ambayo Muriel angeisubiri miaka mia. Angeweza kuikunja na kunyamaza. Avis angefanya nini? Avis, alijua, angekasirika siku mbili, halafu angeiandika kwenye jarida yeye mwenyewe, na angeiandika kabla Muriel hajaiona.

Akaisoma tena mpaka mwisho, na mwisho wake ukamfanya atabasamu upande mmoja wa mdomo.

Alhamisi asubuhi Muriel alimkaribisha sebuleni, akammiminia chai, akaweka orodha mezani na penseli juu yake. Clement alimpa nakala ya gazeti. Muriel aliisoma kama alivyosoma kila kitu, akifuata mistari kwa ncha ya penseli. Kwenye kasisi aliyeona haya kuvaa miwani hakucheka. Kwenye "Mama, tena?" pua yake ilitikisika. Aliposhusha karatasi uso wake uling'aa.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," alisema.

"Ulikuwa sahihi."

"Miaka kumi na tisa, Bwana Clement."

"Soma mpaka chini, Bi Muriel."

Akasoma. Chini kabisa gazeti lilisema kwamba mama wa ubatizo, aliyembeba mtoto mara zote nne na kumwapia kasisi kwamba anamjua tangu kuzaliwa, alikuwa jirani, Jemima Spurling. Aliiambia mahakama kwamba hakugundua kitu. Alipoulizwa kwa nini basi nusu gunia la makaa lilikutwa chini ya kitanda chake, alizimia. Kicheko.

Penseli ilianguka zuliani. Wote wawili waliitazama.

"Mama wa babu yangu," Muriel alisema.

"Nilidhani hivyo."

"Sisi tuliambiwa alikuwa mtu wa kanisa sana."

"Alikuwa," Clement alisema. "Mara nne kwa mtoto mmoja."

Muriel aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalianza, kisha sauti, kisha akawa anapiga meza, mwanamke ambaye Clement hakuwahi kumwona akicheka meno wazi. Alipotulia alitazama kiti cha pembeni, kile Avis alichokalia kwenye mikutano ya kamati.

"Ningependa nimwambie mwenyewe," alisema.

"Angekataa."

"Angekataa. Halafu wiki ijayo angekuja na karatasi." Aliokota penseli, akaivuta orodha. Uso ulikuwa umerudi wa katibu, ila si wote. "Sasa tufanye nini? Siwezi kuandika watu ambao hawakuwepo. Hata kwa ajili yake."

"Aliyebatizwa alikuwepo."

"Alikuwepo mmoja."

"Basi mwandike mmoja. Na majina yake yote, aliyapata kwa haki, rejesta ya kanisa inasema." Clement aliweka kikombe chini. "Na kaburi lake ninalo. Safu ya nne, karibu na ukuta. Kila Jumapili ile ya Novemba Avis alikuwa anampelekea maua babu yake. Alitoka pale akaja ndani kuwalilia wale wawili, Muriel. Alikuwa amewakanyagia nyasi zao."

Muriel alilamba ncha ya penseli. Kisha aliandika, kwa mwandiko wa ubaoni, mstari mmoja.

Jumapili kanisa lilijaa makoti yenye unyevu. Muriel, ambaye siku zote alikaa mbele peke yake, alikuja kukaa benchi la tatu. Kasisi, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, alisoma majina. Aliposema "Avis Mary Yeandle," Clement alitazama viatu vyake, na mkono wa Muriel ukagusa mkono wa koti lake, ukaondoka.

"Ambrose Reuben," kasisi akaendelea, kisha akasita. Aliinua macho kutafuta kama kuna kosa. Muriel, ambaye hakosei, alimpa ishara ya kichwa nzito kama ya jaji. "Ambrose Reuben Lettice Tuckwell."

Clement aliuma shavu. Haikusaidia. Mabega yalianza kutikisika, na pembeni yake benchi lilikuwa linatikisika pia. Mzee wa nyuma aliinama na kumpapasa mgongo. "Pole, kaka," alinong'ona. "Lia tu, itoe." Ndiyo ikawa mbaya zaidi, na machozi yaliyotoka hakujua tena ni ya upande gani.

Alipoitwa alikwenda mbele. Mhudumu wa kanisa, aliyezoea, alikuwa amemwandalia mishumaa mitatu, mmoja wa Avis na miwili ya watoto. Clement aliwasha wa Avis. Akawasha mwingine kwa moto wa wa Avis, akauweka karibu yake mpaka nta zao zikagusana. Wa tatu alimrudishia mhudumu.

"Umebaki mmoja, Bwana Clement."

"Wote wamo kwenye huo," alisema.

Aliporudi, Muriel alikuwa anajifuta macho kwa leso yenye herufi zake.

"Nikwambie kitu," alinong'ona bila kumtazama. "Keki yake haikuwa kavu."

Clement alitazama ile mishumaa miwili mbele.

"Yako ilikuwa," alisema.