Barua Niliyomsomea Shangazi

Kwa miaka tisa nilikuwa fundi katika duka la nguo la shangazi, aliyenilea tangu mama afariki. Sikujua likizo, wala ruhusa ya kuugua. Nilipopata kazi kwingine, nilimkabidhi barua ya kuacha kazi.

"Macho yangu hayaoni vizuri. Nisomee, mwanangu."

Nikaisoma yote. Shangazi akampigia baba simu.

"Kaka, mwanao amenichoka," alisema, akanipa simu.

"Unataka kuniaibisha kwa dada yangu?" baba alifoka. "Ukiondoka hapo, usiniite tena baba."

Nilirudi kwenye cherehani, na ile kazi ikaniponyoka. Nilishona sketi nzima bila kuuona uzi kwa machozi, huku shangazi akiniuliza kwa upole kama nimekula.