Jipu la Kaka

Kaka alipofariki aliacha picha moja tu ya uso, ile ya kitambulisho, na kitambulisho alikishika mkewe. Mimi na wifi yangu hatujawahi kupikika chungu kimoja. Aliniazima kwa siku saba, akasema, "Kikipotea, usije hata kwenye mazishi yangu."

Nilitaka kumchora kaka, nikakipeleka kwa Mama Mkaa, mchora picha wa kibandani aliyekuwa akinifundisha kutia vivuli tangu msiba. Hakuwa na subira.

"Hii pua au kiatu? Picha imepigwa kwa taa ya mbele, uso bapa kama sahani. Mwanga uuamue wewe. Ukishauweka kushoto, ukae kushoto. Ukihama, mashimo yatageuka vilima. Futa!"

Nilifuta mpaka karatasi ikaota manyoya.

Siku ya saba nilimkuta wifi akikunja nguo. Nikampa kitambulisho, kisha mchoro. Nilitaka akiri tu kwamba ni kaka, aniazime tena nimalize. Akauinua dirishani.

"Umemtia jipu mume wangu."

"Jipu gani, wifi?"

"Hili hapa. Akiwa hai mlisema amekonda kwangu. Amekufa, sasa mnamtia usaha?"

Nikatazama. Kaka alikuwa na kishimo shavuni, tangu alipoangukia ndoo utotoni. Kwenye karatasi kilikuwa kimevimba. Uso wote niliuangaza kutoka kushoto, ila kishimo nilikitia weusi ukingo wa kulia, kama kitu kilichochomoza.

"Nipe dakika mbili."

"Ulikuwa na wiki nzima."

Hata hivyo hakunizuia. Nilipiga magoti kando ya meza, nikafuta, weusi nikauhamishia ukingo wa kushoto, wa kulia nikauacha mweupe. Shavu likabonyea. Wifi alisimama juu yangu, pumzi zake zikinipiga kisogoni. Kidole chake kikashuka kwenye karatasi, moja kwa moja mpaka kwenye kishimo, kikatulia hapo. Kilipoinuka kiliacha doa, wala hakujali.

Kisha akaunyakua mchoro, akaubana kwapani pamoja na kitambulisho, akanionyesha mlango.

"Shingo sijamaliza," nilisema nikiwa tayari nje. "Haina kivuli."

"Shingo naijua mimi," akajibu, akafunga.