Mjane Aliyeombwa Radhi

Watu wa Mollo walipomzika Urbano, Shija aliruka kaburini, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. "Huyu Mfipa alikuwa mchoyo," alisema, "haendi popote kabla hajanigawia shamba." Gaudiosa, mjane wa marehemu, alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na tangu wazazi wa Shija wahamie hapo na ng'ombe wao kutoka Usukumani, nyumba hizo mbili zilikuwa zikitaniana bila huruma.

Ubaya ni kwamba mwaka huo Shija aligombea udiwani. Kwenye mkutano wa kampeni alimwona Gaudiosa amekaa mbele, akashindwa kujizuia. "Urbano hakuugua," alisema kwenye kipaza sauti. "Alichoshwa na ugali mbichi wa huyu mama, akaona bora apumzike!" Gaudiosa akamjibu palepale kwamba ng'ombe wake wana akili kumzidi. Watu wakavunjika mbavu.

Kesho yake nchi nzima ikajua. MGOMBEA AMDHIHAKI MJANE, iliandika televisheni moja ya mtandaoni. Nyingine ikaongeza kwamba mjane amezimia. Redio nayo ikaita wachambuzi, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Ufipa, wakaijadili akili ya mgombea asubuhi nzima. Gaudiosa aliyasikia hayo akiwa anapukuchua mahindi, mzima wa afya.

Kelvin, mwandishi wa habari kijana kutoka mtaa wa Majengo mjini, akafika na kamera.

"Shikamoo mama. Uliumia kiasi gani?"

"Marahaba. Sijaumia, mwanangu. Yule ni mtani wangu."

"Kwa hiyo unaogopa kusema?"

Jioni habari ikatoka: MJANE ATISHWA, AFUNGA MDOMO.

Chama kikatetemeka. Shija akakatazwa kumtania mtu yeyote hadi uchaguzi upite. Akikutana na Gaudiosa njiani, anainamisha kichwa na kupita. Hilo ndilo lililomkata maini mama wa watu. Siku ya kuanua matanga ilikuwa inakaribia, na matanga bila mtani ni kilio kitupu. Nani angemcheka Urbano mpaka aende salama?

Siku yenyewe Shija alikuja kweli, amevaa koti la suti, katibu wa chama ubavuni, na Kelvin nyuma yao akirusha matangazo moja kwa moja. Akasimama mbele ya waombolezaji.

"Mheshimiwa mama mjane," akaanza, kwa sauti ya mtu anayesubiri hukumu, "nakuomba radhi kutoka moyoni."

Neno hilo lilimuuma Gaudiosa kuliko mazishi yenyewe. Radhi! Radhi huombwa na mtu baki. Machozi yakamlengalenga, kamera ikamsogelea.

"Shija," alisema, "mume nimeshampoteza. Na mtani nimpoteze kwa sababu ya kura?"

Shija akamtazama. Akamtazama na katibu, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa nguvu zote. Kisha akavua koti, akamtupia katibu, akaketi kwenye kiti cha Urbano na kunyoosha miguu.

"Mke wangu," akanguruma, "mwenzangu katoroka, nimebaki mimi. Maji yangu ya kuoga yako wapi?"

Gaudiosa akavua ndala, akamtandika nayo mgongoni. Vicheko vikalipuka uwanja mzima. Kelvin alikuwa akiitangazia nchi kwamba vurugu zimezuka Mollo. Gaudiosa hakumsikia. Alikuwa anacheka, halafu kicheko kikageuka, akamlilia Urbano sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu azikwe.