Mkono Uliobaki Mtagusoni

Ammia alikuwa ameketi kizingitini akichambua dengu, kaka yake, Askofu Auksano, alipoingia uani akivuta nyumbu. Ilikuwa siku ya soko, na mji mzima wa Tarmela ulinuka sufu mbichi. Auksano alikuwa ameondoka mara baada ya Pasaka kwenda kwenye mtaguso wa maaskofu huko pwani, na sasa zabibu zilikuwa zimeanza kuiva. Ammia aliweka ungo chini, akaleta birika na beseni amnawishe. Auksano akanyoosha mkono wa kushoto. Ammia akamimina maji, kisha akangoja wa kulia. Haukuja.

"Na huo mwingine?"

"Umebaki mtagusoni," Auksano alisema. "Walisema bado wanauhitaji."

Ammia alipandisha mkono wa kanzu ya kaka yake. Pale palipokuwa na kifundo cha mkono, ngozi ilikuwa imejifunga vizuri, laini kama kisigino cha mtoto mchanga, bila kovu. Alimfuta ule wa kushoto kwa kitambaa, kisha akatazama langoni, nyuma ya nyumbu. Hakuna mtu mwingine aliyeingia.

"Trofimo yuko wapi?"

Trofimo alikuwa mume wake, kasisi wa Tarmela. Alikwenda mtagusoni pamoja na shemeji yake kwa sababu Auksano, ingawa ndiye askofu, kila alipojaribu kueleza jambo gumu la imani alitokwa jasho na kuishia kusimulia habari za kondoo. Trofimo ndiye aliyekuwa na maneno.

Na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya neno moja. Wote waliamini kwamba Kristo ni Mungu na ni mtu. Wapo waliosema ni mmoja kutoka asili mbili, na wapo waliosema ni mmoja katika asili mbili. Kutoka, katika. Wauza vitunguu walishikana mashati sokoni kwa ajili hiyo. Trofimo alikuwa wa "katika", na Auksano pia, kwa kuwa Trofimo alikuwa. "Ukisema kutoka," Trofimo alimwambia mkewe siku moja akimtazama akikanda unga, "ni kama maji na huo unga wako. Mkate ukishaiva, maji yako wapi? Mimi yule Kristo aliyelia kaburini kwa Lazaro namtaka awepo bado. Namtaka hata leo awe anaweza kulia."

"Nimekuuliza mume wangu yuko wapi, kaka."

Auksano aliketi juu ya kinu kilicholazwa. "Walifunga milango ya kanisa," alisema. "Askari upande huu, watawa wenye marungu upande ule. Kuna mzee mmoja, askofu mwenzetu, alijificha chini ya benchi, wakamvuta kwa miguu. Wakatuletea karatasi tupu. Tutie sahihi chini, maneno wataandika wenyewe baadaye."

"Ukatia."

"Nikatia. Nilipotaka kuurudisha mkono, ulikuwa umeshavuta karatasi nyingine."

"Na juu ya jina lako wakaandika nini?"

Auksano alimtazama nyumbu. "Kwamba Trofimo amelaaniwa, si kasisi tena. Wamempeleka oasisi, jangwani, nyuma ya Misri."

"Karatasi ilikuwa tupu kweli?"

"Haina hata nukta, dada yangu. Naapa."

"Ulidhani wangejazia nini? Salamu za Pasaka?"

Ammia akaokota ungo wake, akamalizia dengu, kwa kuwa watu lazima wale.

Mji ulizoea upesi. Maaskofu wengine wa nyanda zile za juu walirudi vivyo hivyo. Yule wa bonde la jirani, aliyejaliwa kuandika kwa mikono yote miwili, alirudi bila hata mmoja. Wanawake wa Tarmela walimshonea Auksano kanzu yenye mkono mmoja mfupi ili asijikwae nao madhabahuni. Alibatiza kwa kushoto na kubariki kwa kushoto, na shemasi wake, Gayano, alijifunza kusimama upande wa pili ili apokee kikombe. Gayano huyu alikuwa wa "kutoka". Alisema wazi kwamba ukimgawa Kristo katika mbili, hujui tena ni yupi aliyekufa kwa ajili yako. Lakini Trofimo alipochukuliwa hakusherehekea. Alimletea Ammia kuni, akazipanga ukutani, akaondoka.

Kisha amri zikaanza kufika. Zililetwa na matarishi wa Kaisari, na kila moja ilikuwa na sahihi ya Auksano, kwa mwandiko wake mwenyewe. Askofu aliwajibika kuzisoma mbele ya watu. Alisimama kanisani akasoma kwamba yeye, Auksano, anakataza mtu yeyote kumpelekea Trofimo chakula au salamu. Jumapili nyingine alisoma kwamba yeye, Auksano, anaagiza nyumba ya aliyelaaniwa itwaliwe. Alisoma kwa sauti ya kusikika, akilia, akamaliza kwa "Amina". Watu wakaitikia.

Ammia alihamia kwa kaka yake. Hakuwa na pengine. Kila jioni aliketi mezani na mtu aliyemtia mumewe jangwani, akamkatia nyama kwa sababu mtu mwenyewe hawezi kukata kwa mkono mmoja, akamtolea mifupa ya samaki.

"Ungeniachia tu nihangaike," Auksano alimwambia siku moja.

"Ungehangaika, ungemwaga mchuzi, na kitambaa angekifua nani kama si mimi?"

"Ammia, unanichukia?"

"Kula, kaka. Unapoa."

Alikuwa akimchukia. Alikuwa pia akikumbuka jinsi kaka huyu alivyombeba mgongoni kuvuka mto walipokuwa wadogo, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja, hakuna lililoyeyuka katika jingine. Wakati mwingine alitamani kumweleza Trofimo hilo, maana alijua angelifurahia.

Kaisari akafa. Alianguka kutoka kwenye farasi, na kabla hajazikwa upepo ulikuwa umegeuka. Aliyekalia kiti chake alikuwa wa "katika". Ukaitishwa mtaguso mwingine, katika mji uleule, kusahihisha ule wa kwanza. Safari hii Ammia alifunga mzigo wake pia.

"Kule si mahali pa wanawake," Auksano alisema.

"Wala si pa wanaume, kwa niliyoyasikia. Sogea, nipande."

Njia nzima alitunga maneno. Alijua atamlilia nani na atapiga magoti wapi. Alikuwa ameandikisha ombi moja, kwamba Trofimo, kasisi wa Tarmela, arejeshwe kwake na kwa kanisa lake. Lilihitaji sahihi ya askofu wake, na askofu wake hakuwa na mkono wa kutilia.

Mikono waliikuta katika ukumbi wa pembeni wa kanisa, juu ya meza ndefu ya mbao za mierezi, imepangwa kwa majimbo. Ilikuwa mingi. Mingine ilikuwa ya wazee, yenye mishipa, na mingine minene yenye pete. Karatasi zilipita mbele ya mikono hiyo kutoka upande wa kulia, nao ukumbi mzima ukasikika kwa mkwaruzo wa kalamu. Afisa mmoja wa Kaisari, mpole, mwenye mafua, alikuwa akizunguka na wino.

"Wenu ni upi?" aliuliza.

Ammia aliujua kwa kovu la mundu juu ya dole gumba. Ulikuwa umenenepa. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri kuliko Auksano alivyowahi kuzikata.

Auksano aliinama juu ya meza. "Njoo," aliuambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mbwa wa jirani. Mkono ulitulia kidogo. Kidole cha shahada kiliinuka, kikagonga mbao, kisha mkono ukavuta karatasi iliyofuata.

"Baba Askofu, usiusumbue," afisa alisema, akapenga kamasi. "Huu sasa ni wa mtaguso. Kila mtu akichukua wake akaenda nao nyumbani, tutasemaje kwamba maaskofu wote wamekubali?"

"Lakini ule mtaguso wa kwanza ulitia sahihi 'kutoka'."

"Ndiyo. Na sasa unatia 'katika'. Haujalalamika."

Ammia alitoa ombi lake, akaliweka mbele ya mkono. Alikuwa amefungua kinywa aanze kulia kama alivyopanga. Mkono ulitia sahihi kabla hajapata pumzi, ukalisukuma kando, ukangoja. Alisimama na ombi lake mikononi, wino ukiwa bado mbichi, na maneno yote aliyoyatunga njiani yakiwa hayana kazi. Akachukua karatasi tupu kutoka kwenye rundo, akaiweka pale. Mkono ukaitia sahihi pia.

"Hausomi?" aliuliza.

"Mama," afisa alisema kwa upole, "ni mkono."

Ombi lilipelekwa na tarishi siku hiyohiyo. Ndani ya kanisa maaskofu walipiga kelele wakisema hii ndiyo imani ya mababa, na waliokuwa wamepiga kelele nyingine mara ya kwanza walipiga hii kwa sauti zaidi. Auksano alirudi kwenye malazi yao akiwa na furaha kama mtoto. "Alikuwa sahihi, Ammia! Neno lake ndilo lililopita. Trofimo ameshinda!" Ammia alimkumbatia. Usiku ule alilala usingizi mzito.

Theluji ilipoanza kuanguka, akaja Tarmela mzee mmoja mwenye ngozi kama kiatu, askofu aliyekuwa amefungwa oasisi na sasa amerejeshwa. Alikataa kukaa karibu na moto. Alisema Trofimo alikufa katika kiangazi cha kwanza. Haukuwa ugonjwa, lilikuwa jua. Mtu wa milimani hawezi jua la kule. Siku za mwisho alikuwa akiwaomba walinzi theluji, na walinzi, ambao hawajawahi kuiona, walimletea chumvi.

"Kiangazi cha kwanza," Ammia alisema.

"Ndiyo, binti yangu."

Basi alikuwa amekwisha kufa alipokatazwa kupelekewa chakula. Alikuwa amekufa nyumba yake ilipotwaliwa, na alikuwa amekufa aliposhinda.

"Alikuwa akilia?"

Mzee alifikiri. "Alilia, ndiyo. Alikuwa akisema haoni aibu, kwa sababu."

"Kwa sababu gani?"

"Hakumaliza. Midomo ilikuwa imepasuka."

Ammia alimshukuru, akampa soksi za sufu. Mzee alizipokea kwa adabu, akaziweka mfukoni.

Mtaguso ulikuwa umewakumbuka na wafu. Kwa amri yake jina la Trofimo lilirudishwa katika sala ya madhabahuni, na Auksano alilisoma kila Jumapili, na kila Jumapili sauti ilimkatika palepale. Nyumba haikurudi, alikuwa akiishi humo mkusanya kodi, naye hakuwa amelaaniwa na upande wowote.

Amri nyingine ilifika mara tu barabara zilipofunguka, ikiwa na askari wawili. Auksano aliifungua mlangoni mwa kanisa, akaanza kuisoma kwa sauti kama alivyozoea, akafika katikati, akaishusha. Ammia akaichukua mkononi mwake. Ilisema kwamba yeye, Auksano, anamlaani Gayano, shemasi, kwa kushikilia neno "kutoka", na kwamba Gayano apelekwe oasisi.

Gayano alikuwa amesimama pale na chetezo mkononi. "Nani ametia sahihi?" aliuliza.

"Mimi," Auksano alisema.

"Si uko hapa, Baba?"

"Niko hapa."

Gayano aliitikia kwa kichwa. Alizima makaa, akatundika chetezo mahali pake, akawauliza askari kama anaruhusiwa kubeba mkate.

"Waambie hukutaka!" Ammia alimgeukia kaka yake, akamshika kanzu kifuani. "Sema! Una ulimi bado, au nao uliuacha?"

Auksano aliwaambia askari kwamba hakutaka. Aliwaambia mara nyingi, akiwafuata hadi kisimani. Walimsikiliza kwa heshima. Mkubwa wao akamwonyesha sahihi, akamuuliza kama huo ni mwandiko wake au si wake, na Auksano, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo, akasema ni wake.

Mke wa Gayano aliitwa Apia. Alikuja mbio kutoka mtoni na nguo zilizorowa begani, akamkuta mumewe ameshapandishwa nyumbu. Alimfunga kifua kwa shali lake, vizuri, mara mbili, akaingiza ncha zake ndani, na askari wakamsubiri amalize. Kisha wakaenda. Barabara ya kusini imenyooka kutoka Tarmela, kwa hiyo mtu anayeondoka huonekana kwa muda mrefu.

Ammia alisimama na Apia hadi mwisho. Auksano alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima, na hakuna aliyemwendea.

"Mama Ammia," Apia alisema. "Wewe unajua. Kule wanakompeleka kuna baridi? Gayano kifua chake hakiwezi kabisa baridi."

"Hapana," Ammia alisema. "Hakuna baridi."

"Hata usiku wa kipupwe?"

"Wanasema theluji hawajawahi hata kuiona."

Apia akashusha pumzi. "Afadhali," alisema, akaanza kuzikamua zile nguo.